Yule aliyesimama kituo cha tatu

Jumamosi jioni nilipanda hadi kambi ya wahamishwa iliyo upande wa juu wa mji wetu wa Baraka. Sikwenda kutafuta habari, nilikwenda kuchukua simu yangu. Kuna kijana pale mwenye sola anayechaji simu za watu, na siku ambazo nyumbani hakuna umeme ninamwachia yangu. Nilikuta watu kama kumi na tano wamelizunguka benchi lake, simu ikiwa katikati. Kijana akaniambia, "Ndugu mwandishi, video ilijifungua." Video haijifungui. Lakini palikuwa na wazee na akina mama, nikaona haya kugombana.

Walikuwa wanatazama vipande vya mechi ya besiboli ambavyo mdogo wangu alinitumia kutoka Minnesota, Marekani. Swali lao lilikuwa moja: huu ni mchezo gani ambao watu wanarusha, wanapiga, wanakimbia, na bado ni sifuri kwa sifuri? Nikakaa, nikaeleza hadi giza likaingia. Tangu siku hiyo nimesimamishwa njiani mara tatu na watu ambao hawakuwepo, wakitaka na wao wasimuliwe. Basi nasimulia hapa kwa wote, wanaosoma na wanaosomewa, na nitasema pia jambo moja ambalo pale kambini sikulisema.

Kwanza mdogo wangu. Wengi mnajua kwamba familia yetu ilivuka ziwa mwaka 1996, kama familia nyingi za Fizi, tukakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Kule mimi nilikuwa golikipa na yeye mshambuliaji. Baba alipoamua kurudi Baraka, nilirudi naye. Mdogo wangu alibaki na mke wake, faili yao ikaitwa, wakapelekwa Marekani. Anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Kwenye meza ya kukatia, pembeni yake, kuna mzee mmoja mzaliwa wa kule, na mzee huyo hana hadithi nyingine ila mechi ya tarehe 27 Oktoba 1991. Mdogo wangu anasema ameisikia mara nyingi kuliko mahubiri. Mwishowe akaitafuta, akaitazama yote, akanitumia vipande pamoja na sauti ya dakika nne: "Yaya, wewe uliyekuwa golikipa, mtazame mtu huyu."

Mtu huyo ni Jack Morris, na kazi yake ilikuwa kurusha mpira.

Nilivyoeleza pale kambini ni hivi. Uwanja una vituo vinne, vimepangwa kama pembe za mkeka wa mraba, na kutoka kimoja hadi kingine ni mita 27 hivi. Pa kuanzia ndipo pa kumalizia, na Wamarekani wenyewe wanapaita nyumbani. Mpigaji anasimama nyumbani na fimbo yake. Mrushaji anasimama katikati, juu ya kichuguu kidogo, umbali wa mita 18 na kitu, anamrushia mpira mgumu unaoenea kiganjani. Mpigaji akiupiga vizuri anaanza kukimbia: kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Anaruhusiwa kusimama kituoni na kungoja mwenzake apige, ndipo aendelee. Bao linahesabiwa pale tu anapokanyaga nyumbani. Ukipita vituo vyote vitatu ukaishia hapo, huna kitu. Timu ikitolewa watu watatu, zamu yake imekwisha, na waliokuwa wamesimama vituoni wanarudi kukaa kama vile hawakukimbia kamwe. Zamu ni tisa kwa kila timu. Zikiisha wakiwa sawa, wanaongeza.

Yule anayekimbia nilimwita mkimbiaji. Watoto walisikia mkimbizi. "Mkimbizi yuko kituo cha kwanza!" Niliwasahihisha mara mbili, mara ya tatu nikaacha.

Mwaka huo wa 1991 hapa kwetu bado palikuwa Zaïre, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Kule Marekani timu mbili, Twins ya Minnesota na Braves ya Atlanta, zilikuwa zimefika fainali kuu, nazo ni timu ambazo mwaka uliotangulia kila moja ilishika mkia katika kundi lake. Fainali yao si mechi moja. Wanacheza mpaka mmoja ashinde mara nne. Hawa walikuwa wameshinda tatu kwa tatu, na mechi mbili kati ya hizo sita zilikuwa zimepita zamu tisa kwa kukosa mshindi. Ya saba ilichezwa Minneapolis, ndani ya uwanja uliofunikwa. Paa lake lilikuwa la kitambaa cheupe, likishikiliwa juu na hewa iliyosukumwa na mashine. Hapo mama mmoja akaangalia turubai la hema lake akasema, "Wao upepo unawashikia paa, sisi unatuondolea." Tulicheka sana. Uwanja huo siku hizi haupo tena, ulibomolewa mwaka 2014.

Morris alikuwa na miaka 36. Ni mzaliwa wa St. Paul, mji uliopakana na Minneapolis, kwa hiyo alikuwa anacheza mbele ya watu wa kwao. Katika fainali hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuanza mechi, maana kazi ya kurusha inachosha mkono na mrushaji hapangwi kila siku. Upande wa Atlanta alirusha kijana wa miaka 24, John Smoltz, aliyekulia Michigan, jimbo ambalo Morris alikuwa amelichezea miaka mingi akiwa na timu ya Detroit. Kijana alimjua mzee huyu tangu utoto. Na siku hiyo hakumheshimu hata kidogo: zamu ya kwanza sifuri, ya pili sifuri, hadi ya saba, huyu sifuri na yule sifuri.

Kuna jambo moja nililisisitiza pale kambini kwa sababu linanigusa. Katika uwanja ule, kwa kanuni za ligi ya wenyeji, mrushaji hapigi. Mwenzake anampigia. Maana yake Morris hangeweza kufunga hata angetaka. Alichoweza ni kuzuia tu. Azuie zamu hii, aje akae kwenye benchi, atazame wenzake wakishindwa kupata bao, asimame tena akazuie nyingine. Wanaosema golikipa ana kazi rahisi kwa kuwa hakimbii, hao sijui wamesimama golini mara ngapi. Nyarugusu tuliwahi kucheza fainali ya vijiji vya kambi ikaisha bila bao. Nilidaka kila kitu, na jioni watu walimbeba mabegani yule aliyefunga penalti ya mwisho. Alikuwa mdogo wangu. Sikuona wivu. Au niliona, kidogo.

Sasa zamu ya nane, ambayo ndiyo iliyoleta ugomvi kambini.

Atlanta ndio wanaopiga. Lonnie Smith anapiga, anafika kituo cha kwanza. Baada yake anakuja Terry Pendleton, anaupiga mpira kwelikweli, unakwenda mbali nyuma, karibu na ukuta. Kwa mpira wa namna hiyo, mtu aliye kituo cha kwanza anazunguka anafika nyumbani, na Smith alikuwa ameshaanza kukimbia hata kabla mpira haujapigwa. Bao lilikuwa tayari. Lakini karibu na kituo cha pili palikuwa na vijana wawili wa Minnesota, Chuck Knoblauch, aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa ligi kuu, na Greg Gagne. Mpira hawana. Mpira uko kule mbali ukutani. Wao wanainama, wanaokota hewa, wanafanya kama mmoja anamrushia mwenzake. Na Smith anasimama.

Katika video unamwona. Amesimama, anageuza kichwa huku na huku, anautafuta mpira. Watu pale kwenye benchi walikuwa wanaipigia simu kelele: "Nenda! Nenda wewe!" Kijana wa sola aliirudisha mara nne na kila mara walipiga kelele vilevile, kana kwamba safari hii atasikia. Alipouona mpira, muda ulikuwa umepita. Akafika kituo cha tatu, akakwama hapo.

Hatari ilikuwa bado kubwa. Watu wawili vituoni, hakuna aliyetolewa. Anayefuata anaupiga mpira hafifu, anatolewa, Smith hawezi kuondoka. Anayefuata, mpigaji hatari, Minnesota wanamwacha kwa makusudi aende kituo cha kwanza, ili vituo vyote vijae na iwe rahisi kuwatoa wawili kwa mpigo. Anayefuata ni Sid Bream. Anaupiga, mpira unadunda kwenda kwa Kent Hrbek, jitu la kituo cha kwanza, naye ni mtoto wa Minnesota. Hrbek anautupa nyumbani. Smith anakimbia kwa nguvu zake zote, lakini mpira umefika kabla yake. Mdakaji anaurudisha kwa Hrbek, na Bream naye ametolewa. Zamu imekwisha. Sifuri.

Nilitazama watu nikitegemea furaha. Mwenzangu golikipa ameokoa! Akina baba wawili watatu walipiga makofi. Mama mmoja, wa wale waliotelemka kutoka milimani na watoto wake, alikuwa anakoroga sombe jikoni pembeni, na nilidhani hasikilizi. Akauliza:

"Huyo mkimbizi alifika?"

"Nani, mama?"

"Huyo wa kituo cha tatu."

Nikamwambia hapana, alitolewa mlangoni.

"Mlangoni kabisa?"

"Hatua chache."

Akaweka mwiko chini. "Sasa mwanangu, huyo unayemsifu, kazi yake ni kuzuia watu wasifike nyumbani?"

Watu walicheka. Nikasema, mama, ni mchezo tu. Akasema, "Najua ni mchezo. Nauliza kazi yake."

Sikuwa na jibu la haraka. Nikajaribu kumweleza kwamba Morris naye ana watu wake, kwamba asipowazuia wale basi wake ndio wanapotea, kwamba hata golikipa anafanya vilevile. Alisikiliza kwa heshima kama mtu anayesikiliza ahadi za mgombea. Nilivyoona, nusu ya waliokuwepo walikuwa wamehama. Walikuwa upande wa Smith.

Niendelee na mechi, maana kuna wanaosubiri mwisho. Zamu hiyohiyo ya nane Minnesota nao walijaza vituo vyote wakapoteza wawili kwa mpira mmoja. Zamu ya tisa Morris alizuia tena. Hapo kocha wake, Tom Kelly, alitaka kumpumzisha. Siku hizi mrushaji akimaliza hata zamu tisa ni habari ya kuandikwa. Morris alikataa. Alitaka kuendelea, na kocha akamwacha. Akaenda kurusha zamu ya kumi, akawatoa wote watatu bila yeyote kufika kituo. Kwa jumla alirusha mipira 126, na ubaoni Atlanta walikuwa na sifuri kumi.

Chini ya zamu ya kumi, Dan Gladden wa Minnesota alipiga mpira fimbo ikavunjika mkononi, mpira ukaanguka pasipo na mtu, naye hakusimama, akakimbia moja kwa moja hadi kituo cha pili. Knoblauch akaugusa mpira polepole kwa makusudi, akakubali kutolewa yeye ili Gladden asogee cha tatu. Atlanta wakawaacha wawili waliofuata waende vituoni, vituo vikajaa. Kisha akaja Gene Larkin kutoka benchi, goti lake likiwa bovu, akaupiga mpira wa kwanza aliorushiwa ukapita juu ya vichwa vya walinzi waliokuwa wamesogezwa karibu. Gladden akaja nyumbani. Alikanyaga kwa miguu miwili, na Morris alikuwa pale pale anamngoja. Moja kwa sifuri.

Pale kambini akina mama walipiga vigelegele. Si kwa Morris. Kwa Gladden, kwa sababu amefika.

Niliteremka na simu yangu gizani, nikifikiria jambo ambalo sikulisema kwenye benchi.

Baba yetu alifariki miaka miwili iliyopita, msimu wa mvua. Usiku huohuo mdogo wangu alinipigia. Alikuwa ameweka akiba ya tikiti kwa muda mrefu, kwa ajili ya siku ambayo angekuja kumwona baba akiwa hai. Akasema, "Yaya, nakuja nimzike." Nikamwambia asije. Nikamwambia barabara ya kutoka Uvira imekatika, usalama haueleweki, atakwama njiani na mwili hauwezi kungoja. Barabara ilikuwa mbaya, hilo ni kweli, na kila mtu wa hapa anajua inavyokuwa mvua ikinyesha. Lakini motari walikuwa wanapita. Wiki hiyo hiyo mimi mwenyewe nilikwenda Mboko na kurudi nyuma ya pikipiki. Mezani kwangu palikuwa na karatasi ya deni la hospitali. Palikuwa na hesabu ya mbao za jeneza, na ya chakula cha waombolezaji. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba nauli yake italipa vyote. Nilimwambia njia imefungwa, akatuma pesa. Deni likalipwa. Baba alizikwa vizuri, watu walikula wakashiba, na wengi walinipongeza kwa jinsi nilivyosimamia.

Nimekuwa mwandishi wenu miaka kadhaa sasa. Kila wiki nawaambia njia ipi inapitika na ipi haipitiki, na mnaniamini, mnaondoka au mnabaki kwa maneno hayo. Habari ya uongo niliyowahi kutoa nilimpa mtu mmoja, ndugu yangu.

Kuhusu Smith, watu wa Marekani wamebishana miaka yote hii kama alidanganywa na wale vijana wawili. Mwenyewe alikana. Alisema hakuwaamini, ila mpira ulimpotea machoni. Na huyu hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Alikuwa ameshachukua ubingwa na timu tatu tofauti, na katika fainali hiyohiyo alipiga mpira nje ya uwanja katika mechi tatu mfululizo. Watu wanachokumbuka ni zile sekunde alizosimama. Wanaookota hewa hakuna anayewauliza sana.

Jumapili baada ya ibada nilinunua unite, nikampigia. Kule ilikuwa alfajiri, alikuwa ndiyo anatoka kazini, nasikia mlango wa gari. Nilimwambia yote kabla sijaanza kuzunguka. Barabara, motari, Mboko, karatasi iliyokuwa mezani. Alinyamaza muda mrefu hadi nikaangalia kama simu imekatika.

"Nilijua," akasema. "Yaya, Baraka nzima ina simu. Binamu yetu alifika kwenye msiba kutokea Uvira, akaniwekea picha."

Nikamwuliza kwa nini hakusema kitu miaka miwili.

"Ningesema nini? Deni lingelipwa na nani?" Kisha, baada ya kidogo: "Lakini ungeniambia deni. Mimi ndiye ningechagua."

Sikuwa na la kumjibu. Alinieleza habari za watoto, mkubwa amejiandikisha besiboli shuleni na analia kila akitolewa. Akaniambia yeye na mke wake sasa wana karatasi za uraia, kusafiri si tatizo la karatasi tena. Nikamwuliza kama alinitumia ile video kwa makusudi, kwa sababu ya yule wa kituo cha tatu. Akacheka, hakujibu. Akauliza boti la kutoka Uvira hadi Baraka linatoza ngapi siku hizi, kwa mtu mzima na kwa mtoto, na kama kaburi la baba limeshajengewa.

Kaburi halijajengewa, nilimwambia hivyo. Kuhusu boti, nilikwenda bandarini asubuhi ya leo kuuliza, nikawauliza wenye maboti watatu ili nisibahatishe. Nimemtumia bei walizonitajia zote tatu, na siku ambazo boti halitoki kwa sababu ya mawimbi, na hali ya barabara kama ilivyo leo.